Sogeza Uzi, Uangalie Mguu

Mbotela, Jumapili jioni

Nyambura mwanangu,

Kama bahati ingekuwa inapimwa kwa debe, baba yako angekuwa na duka la jumla pale Jogoo Road, na wewe kesho ungekwenda Kisumu kwa ndege. Hilo si siri. Shuka Makongeni, panda Jericho, uliza Bahati ni nani, hata mtoto anayechezea matope atakuonyesha kibanda changu. Mwaka ule ugonjwa ulipofagia soko letu la kuku, wanaume wazima walikaa juu ya matenga matupu wameshika tama. Kuku wa nani walibaki wamesimama? Wa baba yako. Kumi na wanane, kila mmoja na uzi wake wa buluu mguuni, hakufa hata mmoja, hakupiga chafya hata mmoja. Watu walikuja kunishika mkono ili nao wapate kidogo. Mchungaji mmoja alipita vibanda ishirini akaja kununua jogoo wa harusi ya mwanawe kwangu, ati jogoo wangu ana neema. Nikamwambia neema iko kwenye supu, lakini pesa nikachukua.

Hadithi hiyo umelala nayo tangu ukiwa darasa la tano. Ulikuwa ukiidai kama uji.

Sasa mkono huo wa bahati umeshika kalamu, ndiyo maana herufi zimelala upande. Usinicheke. Mimi na shule tuliachana darasa la nne, kwa amani, kila mtu akashika njia yake. Kiingereza nimejifunza kwa kuwauzia watu kuku, na Kiswahili ndicho kilichobaki katikati ya nyumba hii, maana mimi nilikuja na Kikuyu changu, mama yako akaja na Kikamba chake, tukaona tusipopata cha tatu tutalala njaa.

Habari za sweta, chandarua, maji ya kuchemsha na vijana wenye pikipiki, mama yako ameshakwambia. Na kama kuna alichosahau, nina hakika amekishonea kwenye shuka. Mimi hayo siyagusi. Nina jambo lingine, na tangu Alhamisi halinipi usingizi wala chakula. Mama yako anadhani ni meno.

Alhamisi wakati wa chakula cha mchana, si unakumbuka, ulichukua njiti ya kiberiti, ukaizungushia pamba, ukatuonyesha kazi yako mpya.

"Hivi, baba. Moja kooni, moja nyuma. Kisha naiweka kwenye kichupa chenye dawa, kichupa kwenye barafu, halafu naandika: soko gani, kuku gani, mwenye kuku ni nani."

Nikakwambia, "Miaka miwili ya chuo ili ukachokonoe kuku nyuma? Mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote nikitafuta yai, na hakuna aliyenipa cheti."

Mama yako akanichapa na kitambaa cha vyombo. Wewe ulicheka, kisha ukatueleza taratibu, kama mtu anayeeleza watoto. Kwamba kuna kideri na kuna mafua ya ndege, na kwa macho ni kama pacha: shingo inapinda, kinyesi kijani, mabawa yanaburuza, kuku anakufa, nawe hujui ni kipi kimemuua mpaka maabara iseme. Kwamba kuna kuku, na bata hasa, anayebeba kirusi akiwa mzima kabisa, anakula na kutaga. Ndiyo maana mnapima hata wazima, soko baada ya soko, mjue kitu kinatoka wapi na kinaelekea wapi.

"Kinaelekea wapi?" mama yako akauliza.

"Ndiyo hatujui, mama. Mafua hubadilika. Leo ni ya kuku."

Mama yako akaacha kula. Mimi, kwa sababu mdomo wangu hauwezi kukaa mbele ya ukimya, nikauliza kwa nini hukuchagua ng'ombe, mnyama mwenye heshima zake. Ukajibu huku ukiichana ile pamba:

"Kwa sababu ya kuku wa shosho. Siku moja nataka nijue ugonjwa waliupata kwa nani."

Nikasimama nikasema nakwenda kufunga bomba la nje. Bomba lilikuwa limefungwa. Nilisimama pale nikilitazama kama mtu anayesubiri limwambie kitu.

Nyambura, wewe ulichukua jina la mama yangu, shosho yako, kwa hivyo kwa desturi zetu wewe ni mama yangu, na mtu hamfichi mama yake. Nimekuficha miaka kumi na moja. Wacha nianze mbali kidogo, maana nikianzia pale penyewe kalamu itakimbia.

Nilipofika Nairobi mara ya kwanza nilijiona mjanja kuliko kituo cha basi. Nikakutana na jamaa anayeshusha matenga kutoka Ukambani. Akanifunulia tenga moja, kuku wa juu wananitazama, macho kama shanga. Nikanunua tenga zima bila kuingiza mkono. Nilipofika sokoni nikakuta safu ya juu ndiyo hai. Chini walikuwa wamekufa tangu Machakos, wamepangwa vizuri, shingo zimekunjwa chini ya bawa kama waliolala. Soko lilicheka wiki nzima. Mama mmoja aliniambia, "Kijana, kuku hununuliwa kwa mkono, macho ni ya kuangalia sinema."

Mama huyo ndiye Mama Halima. Ndiyo, huyohuyo unayemwita shangazi. Alinipa nafasi karibu na kibanda chake, akanifundisha kumpima kuku kwa kumshika kifua, kumnusa mdomo, kumwangalia kama anashika shingo yake mwenyewe. Alinipa kuku wanne wa kuanzia, na hata siku moja hakuwataja. Kila nilichojua juu ya kuku kabla hujazaliwa kilitoka kwake. Hayo sikuwahi kukwambia. Nilikwambia nilizaliwa nayo.

Huko Kisumu utawakuta watu kama mimi. Hilo la kwanza. Utaingia sokoni na koti lako jeupe na kisanduku chako cha barafu, na kabla hujafika kibanda cha pili soko zima litakuwa linajua. Watakupa kiti. Watakuletea chai. Mwanangu, ukipewa kiti sokoni, uliza kilikuwa kimekaliwa na nini. Sisi tulikuwa na mama mmoja mnene aliyekaa juu ya tenga la wagonjwa, amevaa leso pana, ananyonyesha, na hakuna bwana mifugo aliyezaliwa anayeweza kumwambia mama anayenyonyesha ainuke. Kuku anayesinzia tulimrushia maji ya pilipili usoni, akaruka, akaonekana ana afya kuliko wewe. Watakuchagulia wenyewe wa kupima: "Mpime huyu, daktari, huyu mnono." Usimpime mnono. Ingiza mkono chini ya tenga.

Sasa nije kwenye nyuzi.

Unakumbuka soko letu lilivyokuwa. Kila mtu na kibanda chake mchana, lakini jioni huwezi kurudi na kuku ishirini kwenye chumba kimoja cha kaunsili na watoto watatu. Kwa hivyo kuku ambao hawakuuzwa tuliwalaza pamoja kwenye kizimba kimoja kikubwa cha waya, kufuli moja, mlinzi mmoja. Kila mtu alifunga uzi wa sufi kwenye mguu wa kuku wake: mimi buluu, Mama Halima mwekundu, wengine manjano, kijani, mmoja alitumia kamba ya kiatu. Asubuhi kila mtu anaokota wa rangi yake. Hakukuwa na mzozo. Tulijivuna kwa kizimba kile, tukasema hata mabenki hayaaminiani hivyo. Sasa najua, kwa kukusikiliza wewe, kwamba tulikuwa tunawalaza kuku wa wilaya sita kitanda kimoja, wakoholeane mpaka alfajiri, kisha kila mmoja aende na mwenyewe. Hilo lilikuwa kosa letu sote, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Linalofuata ni langu.

Siku hiyo nilikuwa wa kwanza kufika. Mlinzi alifungua kufuli akaenda kunywa chai. Nikaingia. Nilikuwa na kuku ishirini na mmoja, nimewapokea kutoka Kitui siku mbili nyuma. Watatu walikuwa pembeni, mabawa yameanguka. Mmoja shingo ilikuwa imepinda mpaka anaangalia mgongo wake mwenyewe. Mimi ni mtu mzima, nimeona mengi, lakini kuku anayeangalia mgongo wake alinitia baridi.

Na siku hiyo bwana mifugo alikuwa anakuja. Kanjo mmoja, askari wa kaunsili aliyependa supu yangu, alikuwa ametudokeza: kumetokea vifo masoko mengine, watu wa serikali wanapita na pamba na vichupa. Tulijua sheria. Kuku mgonjwa akipatikana, kuku wote wa mwenyewe wanachomwa na leseni inachukuliwa. Mwenyewe anajulikana kwa uzi.

Nyambura, nimejitafutia sababu nzuri miaka yote hii, nikakosa. Sikuwa na njaa. Wewe hukuwa mgonjwa. Nilikuwa na hofu tu, hofu ya kijinga, ya kuonekana mjinga tena kama siku ile ya tenga. Nikasema moyoni: siku moja tu, nitafikiri kesho. Nikachukua kuku watatu wa Mama Halima waliokuwa wazima, nikawafungua nyuzi zao. Nikawafungua wagonjwa wangu nyuzi za buluu. Nikafunga nyekundu kwa wagonjwa, na buluu kwa wazima wake. Mafundo matatu, kisha mafundo matatu. Sikuchukua hata muda wa kuvuta sigara moja.

Kumbe sufi yangu ilikuwa ya bei rahisi, inachuja rangi ikiloa. Miguu ya wagonjwa, chini ya uzi mwekundu, ilikuwa na pete ya buluu. Niliiona. Nilijaribu kuifuta kwa mate, haikutoka, na nikasikia wenzangu wanaingia.

Mama Halima alipofika alinitazama.

"Baba Nyambura, leo hujamtukana mtu tangu nifike. Unaumwa?"

"Najiandaa kuonana na serikali," nikamwambia. "Nimeoga hata masikio."

"Basi leo kweli ni siku ya kuandikwa," akasema, akaninyooshea kipande cha mkate wa mofa kutoka kwenye kikapu chake. Nilikila. Hilo nalo liandike: nilikila.

Bwana mifugo alikuwa mtu mpole, miwani, koti jeupe kama lako. Aliingia kizimbani kabla hatujagawana. Aliwaona wale watatu mara moja. Akapitisha pamba kooni, akapitisha nyuma, akatia kwenye vichupa. Kisha akauliza swali lile utakaloliuliza wewe kila siku ya maisha yako ya kazi.

"Hawa ni wa nani?"

Soko lote likaangalia nyuzi. Zilikuwa nyekundu.

Mama Halima aliwashika mmoja mmoja, akawapima kifua kama alivyonifundisha. Akasema, "Uzi ni wangu. Kuku si wangu."

"Mama, uzi ni wako kuku wasiwe wako?" bwana mifugo akauliza, bila ubaya.

"Wangu nawajua. Hawa sijawahi kuwashika." Kisha akanigeukia mimi. "Baba Nyambura, tunakaa pamoja miaka mingapi? Wewe unawajua kuku wangu. Sema."

Hapo, mwanangu, ndipo ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi, yeye mwenyewe ndiye aliyenifungulia. Na mimi nikafanya nini? Nikatia utani. Nikasema, "Mama Halima, kuku ni kama watoto. Wakiwa wazuri ni wa baba, wakiharibika ni wa mama."

Soko likacheka. Lilicheka sana, maana watu walikuwa na hofu na walitafuta pa kuitoa. Hata bwana mifugo alitabasamu. Akaandika jina la Mama Halima kwenye vichupa vyote vitatu.

Yeye hakucheka. Aliinama akamwangalia yule wa shingo mbovu, mguuni, kwa muda mrefu. Sijui aliona nini. Mpaka leo sijui kama aliona ile pete ya buluu. Miaka kumi na moja kila akinisalimia namwangalia usoni nikitafuta jibu, na kila akinisalimia anauliza habari za watoto.

Kuku wake wote walichomwa siku hiyo nyuma ya soko, wakiwemo wazima. Wale wake watatu waliovaa uzi wangu walikuwa upande wangu, wamepona. Majibu yalipotoka yalisema kideri, si yale mafua mnayotafuta ninyi. Lakini hebu sikia hili, maana hapa ndipo kosa langu linaingia kwenye kazi yako. Walikwenda kutafuta ugonjwa ulikotoka, na walifuata jina la kwenye kichupa. Mama Halima alikuwa ananunua Machakos. Wakaenda Machakos, kwa wazee wawili waliokuwa wakimfugia, wakawamalizia kuku wazima. Kitui hakuna aliyekwenda. Kila Jumanne basi la Kitui liliendelea kuteremsha matenga, na ugonjwa ukaendelea kushuka nayo, kwa adabu, kama abiria aliyelipa nauli. Soko likafagiwa. Masoko mengine yakafagiwa. Bwana yule hakukosea pamba, hakukosea barafu, hakukosea dawa. Alikosea jina tu, kwa sababu aliuamini uzi, na kwa sababu mtu mmoja alimchekesha.

Kwa hivyo sogeza uzi, mwanangu. Uangalie mguu. Kama si uzi itakuwa rangi ya kwenye bawa, au alama ya kisu kwenye ukucha, kila soko lina lake. Sogeza. Na mtu akikuchekesha wakati kalamu iko juu ya kichupa, weka kalamu chini. Mimi nimecheza na watu maisha yangu yote na nakwambia: mtu hachekeshi bure wakati kama ule.

Nilidhani nitaishia hapo. Ningependa kuishia hapo.

Bwana mifugo alisema atarudi alasiri kupima kuku wote waliobaki. Nilichokifanya baadaye kilikuwa kibaya zaidi, ingawa wakati ule nilikiona kuwa akili. Nilichukua wangu kumi na wanane kwenye matenga mawili, nikapanda basi la Murang'a. Wale watatu wa Mama Halima niliwaachia soko, kwa hivyo alasiri yule bwana alipopima wenye uzi wa buluu akakuta watatu wazima kabisa, akaandika Bahati, safi. Kijijini hewa ni nzuri, nilisema, wapumzike kidogo. Nikawafungulia kwenye boma la shosho yako, pamoja na kuku wake.

Shosho aliniuliza, "Hawa wanatoroka nini?"

"Kanjo," nikamwambia.

"Na wewe unatoroka nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Unamjua.

Baada ya siku chache barua ilikuja, shosho ameandikiwa na mwalimu wa pale. Kuku wake walikuwa wameanza kuanguka. Kisha wa jirani, kisha wa ng'ambo ya mto. Wewe ulikwenda likizo ya Agosti ukakuta kizimba kitupu, na yule kuku wako mweupe uliyempa jina la mwalimu wako hayupo. Ulilia mpaka ukapata homa. Ukamwuliza shosho nani aliyewaua, akakwambia ni ndege wa porini, wamepita juu wakadondosha ugonjwa. Alikwambia hivyo akijua. Alijua tangu siku ile ya kwanza. Alisema uongo kwa mjukuu wake kwa sababu mwenye kosa alikuwa mwanawe, na majirani wakiuliza aliwaambia hivyohivyo. Hakufuga kuku tena. Nilipomletea vifaranga Krismasi, alivipokea, akaviangalia, akanirudishia. Akasema, "Peleka kwa aliyekupa bahati."

Tumemzika bila mimi kuomba msamaha. Nilisema maneno mazuri kaburini, watu walilia.

Sasa unajua kwa nini Alhamisi nilikwenda kufunga bomba.

Nina wasiwasi wa mambo mawili, nami nitakwambia yote mawili hata kama yananiaibisha. La kwanza ni mikono yako. Najua ulivyonieleza, sabuni, glavu, usimshike kuku karibu na uso. Najua. Lakini mimi nimewashika zaidi ya miaka ishirini na sikuogopa kitu, na sasa nikiona mkono wako mmoja umemshika kuku anayekoroma natamani nikaufunge kwa kamba kitandani. Umesema mafua hubadilika. Neno hilo limekaa kwangu kama mfupa kooni. Nimewaza: na kama ugonjwa wa mwaka ule ungekuwa hayo mafua? Nilimweka nani kwenye chumba kimoja na matenga yangu? Nani aliyekuwa akinioshea koti?

La pili ni kwamba utajua. Umesoma, utakaa na wakubwa wako, watafungua mafaili ya zamani, utaona Machakos, utaona jina la shangazi yako, utakumbuka ni wiki gani shosho alipoteza kuku. Wewe ni mwepesi wa kujumlisha. Nimeona ni heri ulisome kwa mwandiko wangu mbaya kuliko kwa taipureta ya mtu mwingine.

Mama Halima alinyimwa leseni, akahamia kuuza mkaa Makongeni. Unamjua hapo, mikono myeusi mpaka viwiko, na bado Idi ikifika anawaletea biriani. Ijumaa amekuletea leso ya safari. Ulipoifunua mama yako alisoma maandishi yake kwa sauti, mkashangilia, mimi nikatoka nje tena.

Leo saa kumi nimekwenda kwake. Nilivaa shati la kanisani. Njiani nilikuwa nimepanga maneno, nimeyapanga vizuri, la kwanza, la pili, la tatu. Akanikaribisha, akanitilia chai.

"Baba Nyambura, umevaa hivyo umekuja kuposa?"

"Nimekuja kukushukuru kwa leso," nikasema.

Nikanywa vikombe viwili. Nikamwigizia kondakta wa basi anayeogopa mkewe, akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha nikaaga. Mlangoni akaniambia, "Mtoto huyo umemlea vizuri. Ni mkweli." Nikatembea kutoka pale mpaka nyumbani na sikumbuki nilipita njia gani.

Treni yako ni ya jioni. Barua hii sitakupa stesheni; nilikuwa nimepanga kukupa hapo, nikaona ni ule ujanja wangu wa zamani: unaisoma ukiwa umeshafika Naivasha, mimi nimebaki nyuma na heshima yangu. Nitakupa asubuhi pamoja na chai. Baada ya hapo ninakwenda Makongeni. Sikuahidi kwamba nitasema, ahadi zangu sasa unazijua zinavyofungwa na kufunguliwa. Lakini ukitaka, njoo nami. Ukiwa umesimama pale sitaweza kutia utani, na akiniambia niseme nitasema. Ukiona huwezi hata kunitazama, kaa na mama yako ufunge mizigo, sitakulaumu, na stesheni nitakaa ng'ambo ya reli mpaka uondoke. Kama kuna cha kulipa kwake nitalipa. Kama atanifukuza kwa koleo la mkaa, nitakuwa nimepata pungufu ya haki yangu.

Nimebakiza neno moja, na nimelizunguka tangu mwanzo wa karatasi hii.

Kuku kumi na wanane uliowaona sokoni soko lilipofunguliwa tena niliwanunua Thika siku iliyotangulia, nikawafunga sufi mpya. Wa kwanza walikufa Murang'a, wote, kabla hata wa shosho hawajaanza. Nyambura, baba yako hajawahi kuwa na bahati. Alisema uongo, akaufuga miaka kumi na moja, akakulisha wewe.

Baba yako